Walioonyeshwa Bahari kwa Nguvu

Sisi watu wa Nyeri tunajua kutunza makaburi ya wageni. Robert Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeanzisha skauti, alifia kwetu Januari 1941. Kaburi lake limefagiliwa, lina uzio na kitabu cha wageni, na skauti wanatoka pande zote za dunia kuja kupiga saluti. Ukienda Mathari, kilomita chache tu kutoka mjini, kuna kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Amelazwa humo Duke wa Aosta, aliyeongoza jeshi la Italia kule Ethiopia, akatekwa na Waingereza mwaka 1941, akafia Nairobi Machi 1942 akiwa bado mfungwa. Wako naye wanajeshi wa Italia 676. Adui amelala vizuri Nyeri, na mwenye kutaka kumwekea maua anajua pa kuyaweka.

Sina shida na hilo. Mtu akifia kwako unamzika. Shida yangu inaanza ukigeuza swali: na wanaume wa Nyeri waliokufa kwenye vita vya Wazungu, wamelala wapi? Muulize mzee yeyote Othaya, Karatina au Mukurwe-ini aliyewahi kukaa na babu yake. Atakujibu kwa neno moja: Kariakoo.

Kwa wazee wetu hilo halikuwa jina la soko. Lilikuwa jina la vita. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda kubebea jeshi lao mizigo walipokuwa wakipigana na Wajerumani Afrika Mashariki, kuanzia 1914 hadi 1918. Nairobi kambi yao ikaacha jina Kariokor. Dar es Salaam ikaacha Kariakoo, na leo watu wanaenda hapo kununua vitenge na simu bila kuwaza kwamba wanatamka jina la kikosi. Mtu wa Nyeri alikuwa anasema "fulani alienda Kariakoo na hakurudi" kama vile leo tunavyosema fulani alienda Uarabuni.

Mimi nakaa Mbagala, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tatu. Chuo niliacha Nairobi nikiwa mwaka wa pili, nikaja huku kuandika na kutafsiri kazi za watu, na kodi ya chumba inalipika. Agosti mwaka jana Mami alikuja kunitembelea. Alitoka Gikondi kwa matatu hadi Nairobi, akapanda basi la usiku: Namanga, Arusha, Moshi, Segera, Chalinze, hadi stendi ya Mbezi. Alishuka miguu imevimba, amebeba mfuko wa ngwaci na nduma, kana kwamba Tanzania nzima haina viazi vitamu wala majimbi.

Mami huniita Baba. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi ya Wakikuyu mtoto huyo hubeba jina la baba yake mama. Siku ya pili tu akaniuliza, "Baba, kutoka hapa kwenda Kilwa ni mbali?"

Nilifikiri amesikia habari za magofu ya Kilwa Kisiwani, yale ya wasultani wa zamani. Hapana. Alikuwa anamfuata Nyaatha.

Kama hujalelewa katika parokia za Nyeri, nitakueleza. Nyaatha ni jina ambalo watu wa Gikondi walimpa Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa shirika la Consolata. Maana yake ni mwenye huruma. Alizaliwa 1891, akafika Kenya 1915, na kuanzia 1920 alikaa Gikondi akifundisha na kuuguza wagonjwa, hadi tauni ilipomuua tarehe 31 Oktoba 1930. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri hapo Nyeri, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na ule umati sijauona tena. Mami alikuwa hapo, na bado ana ile leso yenye picha. Kitu kinachosemwa kidogo ni kwamba kabla ya Gikondi, Nyaatha alipitia hospitali za wapagazi. Alianzia Voi, kisha akaja huku: Kilwa, Lindi, Dar es Salaam. Yaani mtakatifu wetu wa mlimani aliwafahamu watu wa mlimani kwanza pwani, wakiwa wagonjwa.

Kwa hiyo tulikuwa na safari moja na sababu mbili. Mami alikuwa anaenda kuona mahali Nyaatha alipofanya kazi. Mimi nilikuwa nawafuata waliokuwa kwenye vitanda.

*

Ukiangalia vizuri, historia ya watu wa Mlima Kenya na bahari ni historia ya kupelekwa. Mwaka 1892 Waiyaki wa Hinga alikamatwa Dagoretti, akaanza kusafirishwa kwenda pwani, akafia njiani Kibwezi bila kuiona. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa kupinga kipande na kodi, akapelekwa Kismayu, mbele ya bahari, akae huko asionekane. Miaka ya hamsini ilipofika, wakati wa hali ya hatari, serikali ilifungua kambi kisiwani Manda karibu na Lamu na nyingine Mackinnon Road. Familia nyingi za Nyeri zilijifunza jina la Manda kabla ya kujua Lamu iko upande gani. Mwenye kutaka kumtoa mtu wa mlimani kwenye shamba lake na watu wake, alimwonyesha bahari.

Hii mambo ya kwenda Mombasa Desemba na kupiga picha kando ya ngamia ni ya juzi. Ni raha, na iendelee. Lakini wa kwanza wengi kuondoka vijiji vyetu na kufika majini hawakwenda kwa hiari, na hao ndio wapagazi.

Fikiria muda wenyewe. Waingereza walijenga kituo chao Nyeri Desemba 1902, wakati Meinertzhagen na wenzake walipokuwa wakichoma vijiji vya Tetu. Mathira ilifuata 1904. Mwaka 1917 vijana wa sehemu hizo hizo walikuwa tayari wanabebea jeshi la Uingereza risasi kilomita mia nyingi kutoka nyumbani. Katikati hapo ni miaka kumi na tano au chini. Mtoto aliyefichwa migombani askari walipokuja kuchukua ng'ombe, ndiye aliyekuja kuchukuliwa yeye mwenyewe akiwa kijana.

Sababu ya kuhitaji watu ilikuwa mdudu. Kusini mwa Tanganyika kumejaa mbung'o. Farasi, punda na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu, na magari ya wakati huo yalikwama matopeni. Ikabaki mabega ya binadamu. Mpagazi alibeba karibu kilo 25, lakini yeye mwenyewe lazima ale, kwa hiyo chakula chake nacho lazima kibebwe na mpagazi mwingine, ambaye naye lazima ale. Kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali na bahari, ndivyo mizigo ilivyoliwa njiani na wapagazi wakazidi kuhitajika.

Mwanzoni walichukua waliojitokeza, na waliosukumwa kidogo. Machi 1917 serikali ya Kenya, ambayo wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume kwa lazima. Kila wilaya ikapewa idadi. Machifu wakaambiwa watimize. Katika miezi michache walipatikana zaidi ya laki moja. Wengine walikamatwa usiku wamelala. Kutoka Nyeri walitembea hadi kwenye reli, wakapanda treni hadi Mombasa, na Mombasa wakapakiwa melini. Hawa ni watu ambao maji makubwa waliyoyajua ni mto Tana na Gura. Hapo ndipo walipoiona bahari, wakiwa sitahani, wakitapika.

*

Basi la Kilwa tulilipandia Mbagala Rangi Tatu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kijana wa tiketi alimwamkia Mami, "Shikamoo mama." Mami naye akamjibu "Jambo," maana kwetu Nyeri shikamoo tuliisoma shuleni tu na hakuna aliyewahi kutuamkia hivyo. Hadi tunafika Mkuranga alikuwa ameshajifunza kusema marahaba, na akawa anaisema kwa madaha, ameipenda.

Barabara inaelekea kusini: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Mikorosho, minazi, watu wanauza maembe na korosho za kukaanga dirishani. Baada ya Ikwiriri unafika mto Rufiji na daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima, lililofunguliwa 2003. Kabla ya hapo watu wa kusini walivushwa kwa pantoni, na mvua zikiwa nyingi walikaa siku kadhaa wakisubiri. Mami alisimama kidogo kwenye kiti aone maji. Yalikuwa kidogo, rangi ya chai. Nikamwambia hapa ndipo.

Mwanzoni mwa 1917 mstari wa vita ulikuwa huu mto. Waingereza walishachukua Dar es Salaam na Kilwa Septemba 1916, na Jenerali Smuts aliondoka Januari 1917 akitangaza kwamba vita karibu vimekwisha. Kisha mvua ikanyesha kuliko kawaida. Rufiji ikafura, barabara za nyuma zikazama, na watu wakaachwa ng'ambo kwenye tope na chakula hakifiki. Sisi tuliosikia habari za mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, na watu juu ya mapaa, tunaweza kupata picha. Tofauti ni kwamba wapagazi hawakuwa na paa.

Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na tumbo, malaria na nimonia. Hili la tumbo lina maelezo, na Mami ndiye alinifanya nilione vizuri. Tuliposimama kula, alikataa samaki. Hana uadui na samaki, ila kwetu mlimani wazee hawakula samaki kabisa, na yeye tumbo lake halijazoea. Akaomba maharage na wali. Akaniambia, "Mtu akibadilishiwa chakula ghafla na bado anafanya kazi ngumu, anaendesha." Mama wa Gikondi amesema kwa sentensi moja kile ambacho madaktari wa jeshi waliandikia ripoti nyingi. Wanaume waliozoea mahindi na maharage yaliyochemka kutwa nzima, viazi vitamu na ndizi, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, au mchele wasioujua kuupika. Jioni wamechoka, kuni zimelowa, muda hakuna. Wakala vitu vibichi nusu. Kuhara damu kukaanza, na mtu anayehara damu akibebeshwa kilo 25 hachukui muda.

Wanahistoria wanakadiria wapagazi wa Kenya waliokufa kuwa kama 45,000. Ukijumlisha wa Tanganyika, Uganda, Nyasaland na kwingine upande wa Waingereza, wanakaribia laki moja. Upande wa Wajerumani hesabu ilikuwa mbovu zaidi, kwa sababu wao mara nyingi hawakuandika hata kidogo.

*

Nangurukuru ndipo njia zinapoachana. Anayekwenda Lindi na Mtwara anaendelea mbele. Sisi tulishika ya kushoto, ya Kilwa, tukaingia Kivinje mchana.

Kivinje ni mji uliozeeka mbele ya bahari. Kuna nyumba za mawe ya matumbawe zilizobaki kuta, milango ya nakshi michache, boma la Wajerumani limesimama ufukweni bila paa, na mikoko pembeni. Maji yakipwa yanaondoka mbali sana, yanaacha tope linalong'aa na madau yamelala ubavu. Mji huu una maumivu yake yenyewe na si adabu kuyaruka. Karne ya kumi na tisa watumwa wengi waliotoka upande wa Ziwa Nyasa walifikishwa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Na hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, pamoja na wenzake, kwenye mwembe. Mahali hapo watu wa Kivinje wanapaita Mwembe Kinyonga. Ukiuliza kwa nini, hata mtoto atakueleza. Ukiwa unatoka mahali ambapo Kariakoo imekuwa jina la soko, unaona wivu kidogo.

Vita vilipofika kusini, Kilwa ilikuwa moja ya bandari ambazo jeshi la Uingereza lilishushia watu na mizigo kuingia bara. Wagonjwa walirudishwa hapo hapo. Hospitali za wapagazi zilijaa kuliko uwezo wake. Watawa wa Consolata kutoka Nyeri waliitwa kusaidia, na wengi wao walikuwa tayari wanajua Kikikuyu. Hilo si jambo dogo. Mtu anakufa ugenini, halafu anasikia mwanamke mweupe anamuuliza kwa lugha ya mama yake kama amekunywa maji.

Kuna hadithi ya Kilwa ambayo shirika la Nyaatha huisimulia sana, na Mami aliijua kwa moyo. Jioni moja Nyaatha alikuta kitanda cha mgonjwa wake ni kitupu. Akaambiwa amekufa, ameshapelekwa ufukweni. Maiti walikuwa wakipelekwa pale ili maji yakijaa yawachukue. Akashuka ufukweni, akaanza kuwainua mmoja mmoja akimtafuta, hadi akamkuta chini, bado anapumua. Akambatiza.

Mami alinisimulia tena tukiwa tumesimama mbele ya lile tope, sauti ya chini. Hatukujua ni sehemu gani hasa ya ufuko, na hakuna kibao.

Mimi nilikuwa na hasira yangu, na nikaisema. Nikamwambia, Mami, hii hadithi inanisumbua. Ina mtu mmoja mwenye jina, na huyo ametoka Italia. Aliyebatizwa anatajwa kwa sababu alibatizwa. Wengine wote ni rundo. Ni watu wetu, na wamewekwa pale ili tuone jinsi sista alivyokuwa mwema.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama najua watu wa zamani waliogopaje maiti.

Najua, lakini nilikuwa sijaiweka hapo. Kabla ya kanisa na serikali, Wakikuyu wengi hawakuzika. Wazee wenye mali walizikwa, lakini wengine walitolewa nje wakaachwa msituni, na fisi akamaliza. Kugusa maiti kulileta thahu, unajisi unaohitaji mbuzi na mganga wa kukutakasa. Sasa vuta picha ya kambi ya 1917. Mgonjwa anamwona jirani yake amekufa kando yake, usiku kucha, bega kwa bega. Kesho yake anaamriwa ambebe. Mbuzi hayupo, mganga hayupo, na huenda kesho kutwa ni zamu yake. Zaidi ya ugonjwa, walikuwa wamechafuliwa kwa namna ambayo hawangeweza kuisafisha ugenini. Halafu wanamwona mwanamke anaingia katikati ya maiti kwa hiari yake, anawageuza kwa mikono, anatafuta mtu.

"Serikali ilihesabu magunia," Mami akasema. "Yeye alihesabu watu. Wewe unataka majina, ni sawa. Lakini yeye ndiye aliyewaangalia usoni."

Sijui kama alinishinda. Bado naona hadithi ile ina pengo. Lakini ni kweli kwamba, ukiacha kumbukumbu za kanisa na masimulizi ya wazee, ni wachache mno walioona umuhimu wa kutuambia maiti za Kilwa zilipelekwa wapi. Hadithi ya kumsifu sista ndiyo iliyotubakizia ufuko.

Nyumbani majirani walikuwa wamemwagiza Mami maji ya bahari. Wengi wa bara hufanya hivyo. Unarudi na chupa, wengine wanasema ni dawa, wengine wanataka tu kuonja kama kweli ni chumvi. Alikuwa na chupa mbili tupu kwenye mkoba. Kivinje hakuzitoa. Alivua viatu, akasogea hadi pale maji yalipoanza, akasali rozari nzima, akarudi. Kesho yake tukiwa Kilwa Masoko, kabla ya kupanda basi la kurudi, ndipo alipozijaza.

*

Kilichofuata baada ya vita ndicho kinachonifanya niseme habari hizi si za zamani. Wajerumani walisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Waliosalimika walirudi nyumbani na kukuta njaa na ile homa kubwa ya mafua. Mwaka 1919 serikali ilianza kugawa ardhi ya Kenya kwa askari wa Kizungu waliopigana, kama asante. Mashamba mengi yalikuwa Laikipia na chini ya mlima, na Nanyuki ilikua kuwa mji kwa sababu ya walowezi hao. Mpagazi aliyerudi hakupata hata kipande cha ardhi. Alipata kipande cha aina nyingine, kile cha kuvaa shingoni, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika 1919. Wengine waliishia kuwa vibarua kwenye shamba la mtu waliyekuwa upande mmoja naye vitani.

Na mishahara ya waliokufa? Nyingi haikuchukuliwa, maana wenyewe wamekufa na familia hazikujulikana zilipo. Kwa miaka mingi baada ya vita baadhi ya maofisa na wamisionari waliomba fedha hizo zitumike kwa faida ya Waafrika wenyewe. Hazina ya London ilikataa.

Walichopewa ni sanamu. Zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya ishirini. Maneno yaliyoandikwa chini yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako hata ukafa, wana wako watalikumbuka jina lako. Ya Nairobi ina mpagazi kati ya watu watatu. Ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927 pale alipokuwa amesimama Mjerumani Wissmann, ina askari mmoja tu mwenye bunduki. Mpagazi hakusimamishwa juu yake, katika mji ambao soko lake kuu linaitwa kwa jina lake. Mami aliiangalia siku mbili kabla ya kurudi kwao, pale Samora, akauliza majina yako upande gani. Hakuna jina. Kwenye zote tatu hakuna.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu iliyotajwa ni ubaguzi: maofisa waliamua kwamba Mwafrika haelewi wala hahitaji jiwe lenye jina lake. Serikali ya Uingereza iliomba msamaha bungeni. Tangu hapo tume inatafuta majina. Mengine yatapatikana kwenye makaratasi, mengi hayatapatikana huko.

Lakini waliosema Mwafrika hahitaji jina hawakuwahi kukaa kwenye nyumba ya Mkikuyu mtoto anapozaliwa. Kwetu jina haliachwi lipotee. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua la babu wa upande wa baba, wa pili la upande wa mama, na wakishaisha mababu zinafuata zamu za ndugu zao. Baba yake Mami alizaliwa miaka ya thelathini, mtoto wa tatu wa kiume. Akapewa jina la kaka wa baba yake, kijana aliyechukuliwa 1917 kabla ya kuoa, aliyeenda Kariakoo na hakurudi. Hakuwa na mtoto wa kumrithi, kwa hiyo kaka yake akamzalia jina. Kutoka kwa huyo likaja kwangu. Ni jina la kawaida sana, Nyeri limejaa kama mawe ya mtoni, na ndiyo maana hakuna anayeuliza limetoka wapi.

Kama alifia Kilwa, au Rufiji, au Lindi, familia haijui. Mami hakudai kwamba tulifika kaburini kwake. Alisema tu kwamba kwa miaka zaidi ya mia hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kupita hii barabara kumuulizia, na sasa yuko mmoja.

Nauli ya Kilwa kwa basi si kubwa, na mabasi yanatoka Mbagala kila asubuhi. Watu wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Meru waliojaa Dar es Salaam siku hizi kwa biashara na kazi wanaweza kwenda na kurudi mwisho wa wiki. Lakini kabla ya basi kuna kazi ya nyumbani ambayo haina nauli. Jina ulilobeba lilikuwa la nani kabla yako, na huyo naye alilipata kwa nani? Muulize aliye mkubwa kuliko wote kwenu, na uandike. Mami ndiye wa mwisho kwetu anayejua mlolongo huu wote. Nilimwandikisha kwenye daftari usiku wa mwisho, yeye akitaja, mimi nikiandika, hadi tukafika kwa wale asiowajua tena.